Mtoria na Mbungo: Historia ya Mpira wa Mwitu

Mgema mpira wa Uzaramo, katika miaka ya 1870, hakuhitaji vyombo vingi. Alikuwa na kisu, na alikuwa na mkono. Akiufikia mtoria mnene porini alilichanja gome lake mikato mifupi mifupi, utomvu mweupe ukaanza kuchuruzika, naye akaukinga kwa vidole na kuupaka kwenye mkono wake mwenyewe, kuanzia kifundoni mpaka kiwikoni. Joto la mwili na upepo vikaugandisha. Ulipokauka aliubandua polepole, ukatoka na malaika ya ngozi yake, akauviringa ukawa donge, kisha akarudi kwenye gome kuchota tena. Madonge hayo ndiyo yaliyopakiwa majahazini katika bandari za Mrima, yaani pwani ya bara inayotazamana na Unguja, kwenda Unguja, na kutoka Unguja yakavuka bahari kwenda kwenye viwanda vya Ulaya.

Mtoria ni mmea mparamizi. Hauwezi kusimama wenyewe, hivyo hutafuta mti wa kuuegemea, nao hupanda kwa vikono vilivyojipinda ambavyo asili yake ni vikonyo vya maua. Ukifika juu penye jua hutandaza matawi yake, hata mtu aliye chini hajui majani anayoyaona ni ya mti au ya mgeni wake. Katika misitu mikubwa ya Kongo shina lake huweza kupanda mita 30 na zaidi. Huku kwetu pwani mara nyingi ni mfupi kuliko hapo, umejisokota katika vichaka na kingo za misitu. Maua yake ni madogo, meupe, yenye harufu nzuri. Tunda ni la mviringo, na ndani yake mna mbegu zilizofunikwa na nyama laini, tamu iliyochanganyika na uchachu. Nyani na tumbili hulipenda, na wao ndio wapanzi wake wakubwa.

Ndugu yake wa karibu ni mbungo, ambao tunda lake ni kubwa zaidi, hufikia ukubwa wa chungwa, lina ganda gumu na nyama ya rangi ya machungwa. Watu wa Pemba, Unguja, Tanga na Mombasa wanalijua vizuri kwa sharubati yake. Vitabu vya mimea vinautenga mbungo na mtoria katika jenasi mbili, lakini porini watu wamezoea kuwaita ndugu hawa kwa majina yanayopishana na kuingiliana: mtoria, mbungo, mpira. Wazungu nao waliita jenasi ya mtoria Landolphia, kwa heshima ya nahodha Mfaransa Jean-François Landolphe, aliyefanya biashara Benin na Warri mwishoni mwa karne ya 18. Biashara yake hiyo ilijumuisha ya watumwa. Kwa hiyo hata jina la kitaalamu la mmea huu lilikuja likiwa limebeba pingu.

Kabla ya yote hayo mtoria ulikuwa mali ya wawindaji, wachungaji na watoto. Tunda lake lilikuwa chakula cha njiani. Aliyekuwa akilinda shamba mbali na nyumbani, au akifuata nyuki, alijua pale ulipo mtoria kama alivyojua kisima. Katika miezi ya njaa, nafaka zikiisha ghalani kabla ya mavuno mapya, matunda ya porini kama haya yalisaidia kusukuma siku. Utomvu wake ulichemshwa au kutafunwa ukawa ulimbo, ukapakwa kwenye vijiti ili kunasa ndege. Katika nchi nyingi za Afrika ya Kati na kusini ya hapo, mafundi wa ngoma na marimba waliuviringisha kwenye ncha za vipigio, ili mti usigonge mti kwa sauti kavu. Watoto walitengeneza mipira ya kuchezea. Shina bichi lilifunga fito za nyumba, na mizizi na magome yaliingia katika dawa za waganga, kila mahali kwa namna yake.

Katika matumizi hayo yote mtu alichukua kidogo. Ulimbo wa kunasia chiriku hauhitaji kuukata mmea mzima, na kipigio kimoja hudumu muda mrefu. Mtoria uliochanjwa kwa kiasi hupona. Gome hufunga, na msimu unaofuata mmea huzaa kama kawaida. Nasisitiza jambo hili kwa sababu yote yaliyofuata yalitokana na kuvunjwa kwa kiasi hicho, na hakikuvunjwa na wenye misitu kwa hiari yao.

Mabadiliko yalianzia mbali. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba mpira uliochanganywa na kiberiti na kutiwa moto hauyeyuki wakati wa joto wala haukakamai wakati wa baridi. Tangu hapo mpira ukawa malighafi ya mikanda ya mashine, mabomba, viatu na makoti ya mvua. Dunia ilitegemea zaidi miti ya Amazon, lakini wafanyabiashara walianza kutafuta utomvu kokote unakopatikana katika nchi za joto.

Pwani yetu ilikuwa tayari kwa biashara ya namna hiyo. Kwa miaka mingi watu wa Mrima walikuwa wakichimba sandarusi ardhini na kuiuza kwa wafanyabiashara wa Kihindi, ambao waliwakopesha nguo na shanga, na wafanyabiashara hao wakawa na mawakala wao mpaka vijijini. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kuzuia usafirishaji wao baharini, akiwa amebanwa na Waingereza kupitia balozi wao John Kirk. Kirk alikuwa daktari na pia mtaalamu wa mimea, aliyewahi kufuatana na Livingstone katika msafara wa mto Zambezi. Alitaka biashara nyingine ishike nafasi ya ile iliyokatazwa, na macho yake yakaangukia mimea ya utomvu iliyojaa katika vichaka vya nyuma ya Dar es Salaam. Alipeleka sampuli katika bustani ya mimea ya Kew, London, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 mtoria wa pwani yetu ukaandikwa vitabuni kwa jina la Landolphia kirkii. Ile namna ya kugandisha mpira juu ya mkono ni miongoni mwa mambo ambayo Kirk mwenyewe aliyaeleza.

Kwa wakazi wa Mrima na kusini mpaka Ruvuma biashara hii ilikuwa na manufaa yake, na si haki kuyaficha. Haikuhitaji mtaji. Kijana aliyejua msitu aliweza kuingia porini na jirani zake, akatoka na madonge ya kutosha kununua nguo, jembe, chumvi au bunduki. Aliamua mwenyewe lini aende na lini arudi kulima. Walikuwamo wajanja waliotia mchanga na magome ndani ya madonge ili yaongezeke uzito, na wanunuzi nao wakajifunza kuyapasua kabla ya kuyalipia. Hayo ni mambo ya soko lolote. Lakini hata hapo tayari mmea ulianza kuumia, kwa kuwa bei ilipopanda wapo walioukata mtoria vipande vipande wapate utomvu wote kwa mara moja.

Kisha mwishoni mwa miaka ya 1880, huko Belfast, daktari wa mifugo John Boyd Dunlop alitengeneza tairi la upepo kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Ndani ya miaka michache Ulaya nzima ilikuwa inapanda baiskeli, na magari yakafuata. Mpira haukutosha, na bei ikapaa. Aliyefaidika kuliko wote ni mtu ambaye hakuwahi kukanyaga msitu wa Afrika hata siku moja.

Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alikuwa amejipatia Kongo mwaka 1885, baada ya mkutano wa Berlin, kama milki yake binafsi. Mwanzoni ilimtia hasara. Pembe za ndovu pekee hazikutosha kulipia meli, reli na jeshi lake, Force Publique, ambalo miongoni mwa askari wake wa mwanzo walikuwamo watu waliosajiliwa Unguja. Mpira ndio uliomwokoa. Msitu wa Kongo ulikuwa umejaa jamaa za mtoria, hasa ule uitwao Landolphia owariensis, na haukuhitaji kupandwa wala kupaliliwa. Ulihitaji watu wa kuutafuta tu. Leopold alitangaza kwamba ardhi yote isiyolimwa wala kukaliwa ni ya dola, pamoja na kila kinachoota juu yake, kisha akagawa maeneo makubwa kwa makampuni ambayo yeye mwenyewe au dola yake ilikuwa na hisa. Moja lililojulikana sana ni ABIR, lililoanzishwa mwaka 1892 na kupewa misitu ya mito ya Lopori na Maringa.

Tofauti na Mrima ilikuwa moja, nayo ndiyo kiini cha historia hii. Huku mtu aliuza mpira. Kule alitozwa. Katika eneo la ABIR kila mwanamume alidaiwa kilo 3 hadi 4 za mpira mkavu kila baada ya wiki mbili. Ili kuzipata ilimbidi akae msituni siku nyingi, akipanda miti mirefu kuifuata mimea iliyobaki juu, kwa kuwa ile ya karibu na kijiji ilikuwa imekwisha kukaushwa. Wengi walianguka wakavunjika. Wengine walipaka utomvu kifuani na mapajani, kama wagema wa Uzaramo walivyoupaka mkononi, lakini sasa kwa haraka na kwa hofu, na kuubandua kuling'oa nywele na kuchubua ngozi. Kwa wakati huo wake zao walikuwa wamefungiwa katika mazizi ya kampuni, wameshikwa rehani mpaka mpira ufike. Mashamba yakabaki bila wa kulima, njaa ikaingia, na magonjwa, yakiwamo malale, yakawakuta watu wameishiwa nguvu.

Askari walipewa risasi kwa hesabu, na walitakiwa kuthibitisha kwamba kila risasi imeua mtu, isipotee kwa kuwinda nyama. Ushahidi uliotakiwa ni mkono wa kuume wa aliyeuawa. Askari aliyepiga risasi akamkosa mtu, au aliyewinda nayo, aliweza kukata mkono wa mtu aliye hai ili hesabu ikamilike. Mwaka 1899 William Sheppard, mmishonari Mmarekani mweusi aliyekuwa akifanya kazi katika nchi ya Kasai, aliingia katika kambi moja akaikuta mikono ikikaushwa juu ya moto. Aliihesabu, ikawa 81. Mwaka 1904, katika misheni ya Baringa, Alice Seeley Harris alimpiga picha baba mmoja aitwaye Nsala, wa kijiji cha Wala, ameketi barazani akiutazama mkono na mguu wa binti yake mdogo. Ndivyo tu vilivyobaki vya mtoto huyo. Picha hiyo ilizunguka Uingereza na Marekani na kuwaliza watu makanisani.

Siri ilikuwa imekwisha kufichuliwa na karani. Edmund Morel alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya meli ya Liverpool iliyobeba mizigo ya Kongo. Kazi ikimpeleka Antwerp, aliona meli zikiingia zimejaa mpira na pembe, na zikirudi Afrika hazina bidhaa za maana za kulipia mali hiyo, bali askari, bunduki na risasi. Akapiga hesabu na kuelewa kwamba biashara isiyolipa kitu ni utumwa. Mwaka 1903 balozi wa Uingereza Roger Casement alisafiri juu ya mto Kongo akiwahoji watu wenyewe, na taarifa yake ikachapishwa mwanzoni mwa 1904. Mwaka huohuo yeye na Morel walisaidia kuanzisha chama cha kudai mageuzi ya Kongo. Leopold alilazimika kuiachia milki yake, na mwezi Novemba 1908 Kongo ikawa koloni la taifa la Ubelgiji. Tume rasmi ya Wabelgiji wenyewe, mwaka 1919, ilikadiria kwamba idadi ya watu wa Kongo ilikuwa imepungua kwa nusu tangu dola hiyo ilipoanza kuwekwa.

Kuna jambo ambalo husemwa kwa nadra. Waliosimamisha ukatili huo si Casement na Morel peke yao, ingawa wanastahili sifa zao. Mmea wenyewe ulikwisha. Mauzo ya mpira wa Kongo yalifikia karibu tani 6,000 mwaka 1901, lakini katika eneo la ABIR mimea ilikuwa imekatwa mpaka mizizi, na mwaka 1906 kampuni ikalirudisha eneo hilo mikononi mwa dola. Na watu walipinga kwa mikono yao. Walihama vijiji, walishambulia vituo, waliua mawakala, na mahali pengine waliukata mmea kwa makusudi ili usiwepo wa kudaiwa.

Kusini mwa Tanganyika mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Chini ya Wajerumani mpira wa mwitu ulikuwa miongoni mwa bidhaa kubwa zilizotoka Kilwa na Lindi. Kodi ya nyumba ilipoanza mwaka 1898, watu wa Umatumbi, Ungindo na Umwera walikuwa na njia ya kuilipa: kuingia msituni na kugema. Ulikuwa mzigo, ila mzigo ambao mtu aliubeba kwa mwendo wake. Kisha serikali ikaleta mashamba ya pamoja ya pamba, ambako watu walilazimishwa kufanya kazi chini ya viboko vya maakida na majumbe kwa malipo madogo mno. Mwezi Julai 1905 Wamatumbi walikwenda kwenye shamba la pamba huko Nandete wakaing'oa mimea, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Katika kisa hicho tunakumbuka maji ya dawa ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, na ni sawa. Lakini ni vizuri kukumbuka pia kwamba watu wale walikuwa wameonja kazi nyingine ya kupata fedha, iliyowaachia uhuru wa siku zao, na walijua hasa walichokuwa wakinyang'anywa. Wajerumani walivizima vita kwa kuchoma vijiji na maghala, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi.

Wakati damu hiyo ikimwagika, mpira wa mwitu ulikuwa umekwisha kupata mshindani. Mwaka 1876 Mwingereza Henry Wickham alitoa Brazil mbegu zipatazo 70,000 za mti wa Hevea na kuzipeleka Kew. Miche yake ikapelekwa Ceylon, na baadaye kwenye rasi ya Malaya. Ilichukua miaka zaidi ya 30 mashamba hayo kukomaa. Yalipoanza kutoa, mpira wa Asia ulikuwa safi, mwingi na wa bei ndogo, na kufikia mwaka 1913 bei ya mpira duniani ikaanguka. Hakuna aliyetaka tena madonge yenye vinyweleo na magome.

Anguko hilo liliwakumba Wajerumani vilevile. Walikuwa wamepanda aina nyingine ya mpira kutoka jimbo la Ceará nchini Brazil, mti ambao ni jamaa ya muhogo, katika mashamba makubwa ya Tanga na Morogoro. Mashamba yakatelekezwa. Mti ulibaki, ukaota kando ya nyumba na mipakani mwa viwanja, na watu wakagundua kwamba majani yake yakitwangwa na kupikwa kwa nazi au karanga huwa mboga nzuri. Anayekula kisamvu cha mpira leo Muheza au Dar es Salaam anakula masalia ya ndoto ya matajiri wa Berlin. Mimi naona huo ni ushindi wa haki kabisa wa mama wa jikoni.

Mtoria wenyewe uliitwa kazini mara moja zaidi. Mwaka 1942 Japani iliiteka Malaya, majeshi ya Washirika yakakosa mpira, na utawala wa Wabelgiji ukawarudisha wanavijiji wa Kongo msituni kugema mpira wa mwitu kwa lazima. Wazee waliokuwa watoto wakati wa Leopold waliishi kuona watoto wao wakidaiwa utomvu uleule. Vita vilipokwisha, hitaji hilo lilikwisha nalo.

Leo mmea huu umerudi kwenye kazi zake za zamani, na kazi kubwa ni tunda. Sokoni Unguja na Mombasa mabungo huuzwa kwa mafungu, na sharubati yake inatengenezwa kirahisi. Ganda hupasuliwa, mbegu pamoja na nyama yake hutiwa ndani ya maji na kupekechwa mpaka nyama iachane na mbegu, kisha maji huchujwa na kutiwa sukari. Ladha yake ina kitu cha embe, kitu cha nanasi na kitu cha chungwa, lakini si yoyote kati ya hayo. Mgeni akiionja mara moja huiulizia tena.

Tatizo ni kwamba karibu matunda haya yote yanatoka porini, na pori linapungua. Anayefyeka shamba jipya au kukata mkaa hukata mti, na mparamizi wake huanguka pamoja nao bila kuhesabiwa. Mbungo na mtoria havishindani na mazao. Vinahitaji mti mmoja wa kuegemea na miaka michache ya subira. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukisafisha kichaka chako ukaukuta mmea huu umejisokota juu ya mti, uache pamoja na mti wake. Na ukinywa sharubati ya mabungo, usizitupe mbegu jaani. Zioteshe zingali mbichi, chini ya mti ambao huna nia ya kuukata.